Karani wa Mfuko wa Martha

Mbithi wa Ndolo alinyoa ndevu mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya kwanza, siku ya kugawa pesa za mfuko wa kanisa. Siku nyingine hakuona wa kumnyolea. Mkewe Mwelu alikuwa amelala pale chini ya shamba kwa mwaka wa sita sasa, na mwanawe Wesley alikuwa Konza akifunga nyaya za umeme kwenye majengo mapya, mtu wa kupiga simu Krismasi na kuuliza kama mvua imenyesha. Mbwa alikuwepo, lakini hata huyo mbwa alikuwa amehamia kwa jirani, kwa watu wanaokula nyama Jumapili. Mbithi hakumlaumu. Yeye mwenyewe angepata pa kuhamia, angehama.

Mfuko wenyewe uliitwa Mfuko wa Mtakatifu Martha. Ulikuwa wa kuwasaidia wazee wa parokia wasio na mtoto wa kuwatumia chochote, na kila mzee alipewa shilingi mia nane kwa mwezi. Si pesa ya kumjengea mtu nyumba. Ni unga, sukari, kipande cha sabuni, na heshima ya kutokopa duka moja kila wiki. Mwekahazina wa kwanza alipomfuata bintiye Mombasa, akina mama wa parokia walimletea Mbithi kitabu wakamwomba akishike kwa wiki mbili tu, hadi wapate mtu. Mwelu alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu nyuma. Wiki mbili hizo zilikuwa zimefika miaka sita, na kama kuna mtu aliyekuwa akitafutwa, basi alitafutwa kimyakimya sana.

Kabla ya hapo Mbithi alikuwa karani wa sosaiti ya kahawa kwa miaka thelathini na mmoja, hadi sosaiti ilipokufa kifo cha sosaiti nyingi: polepole, mbele ya macho ya wanachama, na bila mtu wa kulaumiwa. Jina la Karani likabaki kwake, na mazoea ya kazi yakabaki pia. Siku ya malipo ya kahawa, karani aliviringisha pesa za kila mkulima na kuandika namba yake kwa penseli kwenye pembe ya noti ya nje, ili za huyu zisiende kwa yule. Mbithi aliwafanyia wazee wa Martha vivyo hivyo. Walikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na namba yake: noti ya mia tano kwa nje, ya mia mbili na ya mia moja ndani, na kwenye pembe ya mia tano, tarakimu ndogo iliyonyooka.

Alhamisi hiyo alivaa koti, akabeba mkoba wenye kitabu na kidau cha wino, akashuka na kupanda matuta ya milima ya Kangundo kutoka asubuhi hadi alasiri. Namba moja hadi sita alizimaliza upesi. Namba saba ilikuwa ya Kasiva, mjane anayeitwa Mama Mbinya, anayekaa peke yake ng'ambo ya mto mkavu, na hiyo Mbithi aliiacha ya mwisho kwa makusudi, kama mtoto anayeweka kipande cha nyama kando ya sahani.

Kasiva hakujua kusoma, kwa hivyo alipokea pesa kwa kuweka kidole gumba kitabuni. Na Mbithi alikuwa na sheria yake: kidole kikishawekwa, kazi imekwisha, na mwanamume ambaye kazi yake imekwisha hana sababu ya kubaki kwenye boma la mjane. Hakumwambia mtu sheria hiyo, lakini Kasiva aliijua. Alipoona kidau kinafunguliwa alikuwa na neno lake lilelile, mwezi baada ya mwezi.

"Kidole kingoje, Karani. Chai haijachemka."

Chai ikichemka, kulikuwa na isyo ya kuonja, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Isyo ikiisha, kulikuwa na habari ya mahindi, ya goti lake la kushoto, ya redio iliyosema mvua itakuja na ikadanganya. Saa moja ikapita, au mbili. Tuseme ukweli tusizunguke: Mbithi aliishi kwa ajili ya saa hiyo. Siku ishirini na tisa alikuwa mtu wa kuzungumza na sufuria, na siku ya thelathini alikuwa na mtu wa kumuuliza kama amelala vizuri.

Sasa mfuko nao ulikuwa na maradhi yake. Ulipoanza, bahasha thelathini na saba ziliingia kila mwezi, zimeandikwa kwa nje, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Ukaja ukame, ukaja ugonjwa uliofunga makanisa, bei ya unga ikapanda, na moyo ukabaki lakini bahasha zikapungua. Zikawa ishirini, zikawa tisa. Kilichobaki cha uhakika ni mnada wa baada ya misa, pale watu wanapoleta sadaka ya papai, mayai au kuku, vinauzwa kwa kelele, na aliyenunua akitaka sifa anarudisha kuku auzwe tena. Kuku wa muumini mmoja aitwaye Kithima aliwahi kuuzwa mara nne Jumapili moja na bado akalala nyumbani kwake. Mnada uliupa mfuko kama elfu moja na mia nane kwa mwezi. Wazee saba walihitaji elfu tano na mia sita.

Hapo ndipo Mbithi alipofanya kosa lake. Alikuwa na kiduka sokoni alichompangisha Hirad, muuza viatu, aliyemlipa kodi elfu sita kila tarehe mosi bila kukosa. Nusu ya kodi hiyo Mbithi akaanza kuitia kwenye bahasha mbili, moja kwa jina la Msamaria Mwema na nyingine kwa jina la Familia ya Kikristo. Hakuona ni uongo. Aliona kwamba mfuko ukifa kitabu kitafungwa, na kitabu kikifungwa hana mlango wa kubisha hodi, sokoni, mtoni wala mbinguni. Elfu tatu haikuwa bei kubwa ya mlango.

Ila kulikuwa na bahasha moja isiyokuwa yake. Haikuwa na jina. Kwa miaka miwili iliingia kila mwezi na mia nane kamili ndani. Sheria ya parokia ilikuwa mwekahazina asifungue bahasha, akina mama wawili wa baraza walifungua, wakahesabu, wakampa Mbithi jumla na orodha, na kwenye orodha waliandika "asiye na jina, 800." Mbithi aliusoma mstari huo kila mwezi kwa furaha aliyoionea aibu. Maana yake ilikuwa kwamba mahali fulani kwenye milima ile, kuna mtu mwingine aliyeujali mfuko. Alipokuwa kanisani aliangalia visogo vya watu akijiuliza ni nani. Alitamani kumshika mkono. Hakujua atamwambia nini, lakini mkono angemshika.

Kwa hivyo kwenye karatasi, Mfuko wa Martha ulikuwa na afya ya ng'ombe wa maonyesho. Miaka sita haukuwa umekosa mwezi hata mmoja. Ndiyo sababu paroko mpya, Padri Kisilu, alipofika na kukuta mfuko wa watoto yatima una deni na mfuko wa ujenzi una kesi, alishangaa kuuona huu wa wazee umenona, akataka kujua siri yake ili awafundishe wengine. Alimtuma Mwendwa, binti wa parokia aliyesomea uhasibu na kufanya kazi Kinanie, aje akague vitabu Jumatatu moja ya Juni.

Mwendwa alikuja na kompyuta na adabu. Alimsalimia Mbithi kwa mikono miwili, akamsifu mwandiko wake, na akafanya kazi kutoka saa tatu hadi saa saba bila kuomba hata maji. Kisha akaomba azihesabu mwenyewe bahasha za Jumapili ya jana, ambazo bado hazijafunguliwa. Zilikuwa nne. Mbithi alikaa mkabala wake akiwa na mkoba magotini, akaangalia zile mbili zake zikichanwa kama mtu anayeangalia daktari akimfungua bendeji.

Bahasha ya tatu ilikuwa ya Munyiva, muuza mboga sokoni, mia mbili ya kumshukuru Mungu kwa ng'ombe kuzaa, na hizo za ng'ombe huja mara moja. Ya nne ilikuwa ile isiyo na jina. Mwendwa akatoa mia tano, mia mbili na mia moja. Akaigeuza ile mia tano, akaisogeza dirishani.

"Karani, niko na swali. Hii saba hapa kwa kona ni ya nini?"

Mbithi hakuhitaji kuvaa miwani. Ilikuwa saba yake, yenye mkia ulionyooka, ileile aliyoiandika Jumatano jioni na kuikabidhi Alhamisi mkononi mwa Kasiva. Pesa ilikuwa imekaa kwa mjane siku tatu na kurudi kanisani. Alisema ni alama ya kazi tu, mazoea ya sosaiti.

Mwendwa akafungua orodha ya wazee, akateremsha kidole hadi namba saba. Hakuwa mjinga, na uhasibu ni kazi ya kuona vitu viwili na kuviweka pamoja. Alisema kwa upole kwamba Mama Mbinya anamfahamu, kwamba Mbinya mwenyewe ana kibanda cha mitumba Syokimau na humtumia mamake pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, yapata miaka miwili sasa. Mama huyo hakustahili tena kuwa kwenye orodha. Lakini hakuwa ameiba chochote, kwa sababu kila alichopewa alikirudisha.

Kisha akaziweka zile bahasha mbili za Msamaria na Familia ya Kikristo kando ya kitabu cha Mbithi, mwandiko juu ya mwandiko. Aliangalia kwa muda mrefu. Alikuwa msichana aliyelelewa vizuri, na huwezi kumwambia mzee wa umri wa babu yako kwamba umemshika. Alifunga kalamu.

"Kwa hivyo, Karani," akasema polepole, "huu mfuko ni nyinyi wawili."

Mbithi alijibu kwamba kuna mnada pia. Ndilo neno pekee lililomjia.

Njiani kurudi nyumbani alilia, na tusimwonee haya, kwa sababu hata yeye hakujionea. Miaka miwili alikuwa akiangalia visogo vya watu kanisani akimtafuta yule mtu mwingine. Mtu mwingine hakuwepo. Milima yote ile, vigango vinne na jumuiya kumi na tisa, na waliobaki kuujali mfuko ni yeye anayetoa na yule anayepewa.

Padri Kisilu hakuwa mtu mkali. Alimwita, akamwambia kwamba moyo wake ni mzuri lakini mfuko unaolishwa na mtu mmoja kwa majina mawili ni mfuko uliokufa, na maiti hawekwi sebuleni. Wazee watatu ambao kweli hawakuwa na mtu walikabidhiwa jumuiya zao, watatumiwa pesa kwa simu kupitia majirani. Wengine walikuwa na watoto au wajukuu, wataelezwa. Kasiva aliambiwa na katibu wa jumuiya yake. Mbithi hakuulizwa kama angependa kumwambia mwenyewe, naye hakuomba.

Jumapili ya mwisho ya Juni walimwita mbele ya altare, wakampigia makofi ya kilo, mazito ya pamoja, wakampa zawadi ya miaka sita ya utumishi: chupa ya chai ya lita tatu. Lita tatu, kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Aliipeleka nyumbani, akaiweka mezani, na ikawa ndicho kitu kikubwa zaidi ndani ya chumba.

Alhamisi ya kwanza ya Julai alijikuta amenyoa. Wembe ulikuwa umemaliza kazi kabla hajakumbuka. Akavaa koti pia, kwa kuwa mtu aliyenyoa hawezi kukaa na fulana, akaenda hadi kwenye lango lake akasimama. Mwanamume anayeingia boma la mjane akiwa na kitabu ni karani. Akiingia bila kitabu, ni habari, na kufikia Jumapili habari hiyo itakuwa imefika kwenye kwaya. Hilo lilikuwa moja. Lingine lilikuwa baya zaidi: mkono mtupu haulambwi. Miaka sita Kasiva alikuwa amemfungulia mtu wa mia nane. Mbithi bila mia nane hakujua kama ana mlango. Akarudi ndani, akavua koti.

Agosti alijitahidi kidogo. Alifika njia panda ya mtoni, na hapo akakutana na Munyiva, aliyekuwa akitoka sokoni na kapu tupu. Munyiva akamuuliza, bila ubaya wowote, anaenda wapi leo bila mkoba. Mbithi akasema anaenda kutazama mbuzi wa kununua. Munyiva akamwelekeza kwa mtu anayeuza mbuzi, upande ule mwingine kabisa, na kwa sababu alisimama kumwangalia kama amepata njia, Mbithi ilibidi aende. Alitazama mbuzi. Akauliza bei ya mbuzi asiyemhitaji, akaambiwa, akasema atafikiria.

Kanisani walionana, bila shaka. Kasiva alikaa upande wa akina mama, safu ya tatu, goti la kushoto limenyooshwa. Baada ya misa alimpa mkono kama anavyompa kila mtu, akamuuliza habari, Mbithi akasema nzuri. Nyuma yao kulikuwa na watu wanaosubiri kusalimiana. Nzuri hiyo ilikuwa uongo mkubwa kuliko Msamaria na Familia ya Kikristo wakijumlishwa.

Septemba alikwenda. Sitakuambia kwamba alipata ujasiri, kwa sababu hakupata. Usiku wa Jumatano alikuwa amesikia sauti ndani ya nyumba, akasikiliza, akagundua ni yake mwenyewe, anamweleza mtu bei ya mbuzi. Hilo lilimtisha kuliko kwaya nzima.

Alivuka mto mkavu alasiri. Boma la Kasiva lilikuwa limefagiwa, na mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Miaka yote sita alisimama pale akasema, "Hodi, Mfuko wa Martha." Alifungua mdomo, na maneno hayo yakaja hadi kwenye meno yakasimama. Akasema hodi peke yake.

"Nani?" sauti ikauliza ndani.

"Ni Mbithi."

Hakuwahi kumtajia jina hilo. Akafikiria kwamba huenda halijui hata.

"Karani?"

"Nilikuwa karani."

"Umeleta nini?"

Mbithi akaangalia mikono yake. Alikuwa amefikiria sukari, akaona ataonekana anaanzisha mfuko mwingine. Alikuwa amefikiria hata ile chupa ya lita tatu.

"Sijaleta kitu, Mama Mbinya."

Akaona aibu, akaanza kugeuka. Kisha akasikia kigoda kikiburutwa sakafuni, na fimbo, na goti la kushoto likilalamika kuja mlangoni.

Alipewa kiti kilekile. Kasiva aliweka sufuria motoni, akatia majani na maziwa, akakaa. Alikuwa amekonda kidogo. Mbithi akamuuliza swali alilokuwa nalo tangu Juni, kwa nini alikuwa akirudisha pesa.

"Si ulisema mwaka ule mfuko unakaribia kufa?" akasema Kasiva, akiangalia moto. "Ulisema ukikaa hapohapo. Mbinya akaanza kunitumia, nikaona nikisema, utanitoa kwa orodha. Nikinyamaza nikule, nitakuwa nimeiba. Basi nikawa narudisha. Sikuwa na haja na pesa, Karani. Nani mwingine anakuja hapa?"

Mbithi akamwambia habari ya Msamaria Mwema. Akamwambia na ya Familia ya Kikristo, ambayo ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Kasiva alimtazama, mdomo wake ukaanza kutetemeka, na Mbithi akadhani amemuudhi. Kumbe ni kicheko. Alicheka hadi akashika goti.

"Sisi ni kama kuku wa mnada," akasema. "Kuuzwa kila Jumapili na kulala kwetu."

Halafu kicheko kikaisha, na wote wawili wakaona kilichokuwa chini yake, miaka miwili ya kulipa ili mtu abishe hodi, wakati hodi haina bei. Chai ikachemka. Wakanywa. Wakazungumza habari ya mahindi, ambayo haikuchukua muda kwa kuwa hayakuwepo, na habari ya redio. Jua likateremka hadi likaingia mlangoni na kufika miguuni mwao. Kwa mazoea Mbithi akapapasa kando ya kiti kutafuta mkoba, akakuta hewa. Kasiva akamwona. Akanyoosha kidole gumba, akakishikilia hapo katikati yao, kimenyooka, hakina wino.

"Na sasa nitaweka wapi?" akauliza.

Kidole kilikuwa ndiyo saa yao, kikiwekwa kitabuni mtu anaondoka, na kitabu kilikuwa kimefungiwa kabatini mwa paroko. Mbithi alifikiria njia panda, na Munyiva, na kwaya. Alifikiria meza yake na ile chupa kubwa juu yake.

Kasiva alirudisha mkono mapajani, akaongeza kuni moja, na kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuwaambia kazi imekwisha, waliendelea kukaa.